Shimo la Gasenyi na Bidoni la Mama Spesiosa

Siku niliyorudisha ufunguo wa studio yetu ya picha mlinikatia keki, mkanipa saa ya ukutani, kana kwamba mtu aliyestaafu ana haraka ya kujua ni saa ngapi. Nikiwa tayari mlangoni, mkoba begani, Divine akaniuliza: "Mama Zaina, mbele uende, utuambie. Ni kurseri gani njo inafanya foto ya asheder ikuwe naturel?" Wengine mkatoa simu tayari kuandika. Nikacheka, nikasema nitawajibu, nikapanda basi la kwetu Carama. Zimepita wiki tatu na jibu sijalipata, ila nimekumbuka mambo mengi nilipokuwa nikilitafuta. Nayaandika hapa.

Nitaanza na maneno mawili kwa ajili ya mgeni atakayeokota karatasi hizi. Kurseri ni kile kidude unachokisogeza kwenye skrini kuongeza au kupunguza mwanga, kivuli na rangi. Asheder, yaani HDR kama tunavyoitamka kwa Kifaransa, ni kupiga picha tatu za mandhari moja bila kutikisa kamera: ya kwanza ya giza, ili mbingu isiungue kwa weupe, ya pili ya kawaida, ya tatu yenye mwanga mwingi, ili bonde lisiwe jeusi kama makaa. Kompyuta inaziunganisha kuwa moja. Hapo ndipo kazi yetu huanza, kwa sababu kompyuta ikishaunganisha hutoa kitu ambacho hakuna jicho la binadamu lililowahi kukiona.

Sitaandika nilipandishwa cheo lini. Vyeo vilikuwa viwili na kiti kilikuwa kile kile.

Nilipoingia pale kompyuta hazikuwepo. Kulikuwa na chumba cha giza, beseni tatu za dawa, na fundi mmoja aitwaye Melkiori, mwembamba, mkimya, aliyevaa koti la suti hata kwenye joto la Machi. Nilidhani siku ya kwanza atanifundisha dawa. Badala yake alinipeleka kwenye baraza ya ghorofani, akanielekeza ng'ambo ya ziwa, kwenye milima ya Congo.

"Ile milima iko rangi gani?" akaniuliza.

"Kijani," nikajibu. Mlima una majani, majani ni kijani, nini cha kuuliza?

"We unaniambia ile unajua. Mi nimekuuliza ile unaona."

Nikatazama tena. Bluu. Akatikisa kichwa. Nikatazama mara ya tatu, na kusema kweli nikaanza kuona aibu, kwa sababu ilikuwa Julai na vumbi la kiangazi lilikuwa limetanda juu ya maji. "Fundi," nikasema, "milima yenyewe siioni."

"Andika ivyo," akasema, akanipa kipande cha karatasi. Nikaandika: Milima siioni. Akakikunja, akakitia mfukoni mwa koti, akaniambia niende nyumbani, kazi ya leo imekwisha. Mama yangu hakuamini kwamba nimeajiriwa.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya Melkiori, na mpaka leo iko pale studio ingawa baadhi yenu mnaifanya kwa kulalamika. Mpiga picha yeyote anayerudi na picha ya mandhari lazima alete na kikaratasi chenye mistari mitatu: kinachong'aa kuliko vyote, kilicho cheusi kuliko vyote, na kisichoonekana. Mstari wa tatu ndio aliousoma kwanza. Alikuwa akisema kwamba kila mtu anajua kuandika alichokiona, lakini picha huharibiwa na mrekebishaji wa mezani anayetaka kuonyesha ambacho hakikuonekana.

Kompyuta zilipokuja alinifundisha mengine ambayo mpaka leo hayagharimu kitu. Usivae kitenge chekundu ukikaa mbele ya skrini, kitajitazama kwenye kioo na utaipunguza rangi nyekundu ya udongo wa watu bila kosa lake. Pindua picha kichwa chini. Ikiwa kitu kinakuvuta jicho bila sababu, kipunguze. Tazama mahali mlima unapokutana na mbingu: ukiona utepe mweupe umeuzunguka mlima, umezidisha. Na ukimaliza, rudisha nyuma nusu ya ulichofanya. Hii ya mwisho inauma. Fanyeni hivyo hivyo.

Melkiori alitangulia mbele ya haki kabla asheder haijatufikia. Wakati mwingine nafikiri ilisubiri kwanza aondoke.

Ilipofika, nililewa. Siwezi kutumia neno jingine. Mtu aliyekaa miaka akichagua kati ya mbingu na bonde, leo anaambiwa chukua vyote! Nilifungua kila kivuli nilichokikuta. Majani ya michikichi niliyakoleza mpaka yakafanana na peremende. Ziwa nililigeuza zambarau, na wenye hoteli wakalipenda, jambo ambalo lingepaswa kunishtua.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kalenda. Kwenye ukurasa wa Agosti tuliweka picha ya ufukweni iliyopigwa Agosti kweli, vumbi tele, na mimi kwa ufundi wangu nikalifuta vumbi lote mpaka milima ya Congo ikasimama wima, kila bonde na kila mkunjo. Ilikuwa nzuri ajabu. Kalenda ikaenda madukani, na muuza vitambaa mmoja wa Buyenzi, mtu ninayemjua tangu utoto, akanisimamisha mlangoni pa duka lake: "Da Zaina, mwaka huu mvua itanyesha Agosti?" Wote dukani wakaangua kicheko. Kila mtu mjini kwetu anajua kwamba milima ile hujificha kiangazi chote na hujitokeza mvua ya kwanza ikishaosha hewa. Mtoto wa shule anajua. Mimi nililijua pia, niliandika kwenye karatasi siku yangu ya kwanza ya kazi.

Ningepaswa kujifunza hapo. Sikujifunza, nilidhani kosa lilikuwa la milima tu.

Sasa nifike Gasenyi. Kule pembezoni, juu ya mji, korongo lilikuwa likila ardhi. Nyinyi mnayajua makorongo yetu: mvua inashuka kutoka milimani, udongo ni laini, na kila msimu ukingo unasogea karibu na nyumba. Ofisi moja iliyokuwa ikipanga familia zipi zihamishwe kabla ya mvua kubwa iliomba studio yetu picha za kila kiwanja kilichokuwa ukingoni. Waliandika kwamba wanataka picha safi, zinazoonyesha kila kitu. Maneno hayo mawili, "kila kitu", nikayapenda sana.

Aliyepiga picha ni Ejide, ambaye mnamfahamu, mtaratibu, miguu mitatu ya kamera yake haijawahi kuteleza. Kwenye kikaratasi cha kiwanja cha mwisho aliandika: Kinachong'aa, bati la nyumba. Cheusi, ndani ya korongo. Kisichoonekana, chini yake.

Nilikisoma. Nataka mjue kwamba nilikisoma. Ila nilikichukua kama malalamiko ya mtu ambaye kifaa kimemshinda, nikasema, ngoja nimsaidie. Nikaunganisha zile picha tatu, nikafungua vivuli mpaka chini kabisa ya korongo kukatokea kila kokoto na kila mzizi, kwa mwanga ule ule wa uani. Kulikuwa na bidoni, dumu la maji, la njano ukingoni, chafu, limeegemea hewa. Nikaliondoa pia, picha ipendeze. Nikaipeleka na nyingine zote, nikanywa chai.

Siku kumi baadaye akaingia mama mmoja, kanga mbili, miguu ina vumbi jekundu la huko juu. Hakuketi. Alikuwa ameshika picha yangu, imekunjwa mara nne.

"Ni nani alitengeneza iyi foto?" akauliza.

"Ni mimi, mama. Karibu, keti."

"Mi naitwa Mama Spesiosa, niko wa Gasenyi. Iyi ni itongo yangu, kiwanja ya bwana yangu marehemu. Sasa unionyeshe shimo iko wapi."

Nikaweka kidole. "Si hili hapa?"

"Iyi?" Akanitazama kwa muda, na wala hakuwa na hasira, ndicho kilichoniumiza. "Iyi ni mufereji, mama. Iyi mutoto anaruka akienda masomo. Shimo yetu, ukitupa jiwe, unahesabu moja, mbili, tatu, njo unasikia. Wale ba bureau, wenye ofisi, wameangalia iyi foto, wakasema apana, nyumba ile inaweza kungojea mwaka ingine. Jina yetu wameitoa kwa liste ya kuhamishwa. Mi niko na bajukuu wane mule ndani. Juu ya nini mulijaza shimo yetu?"

Nilitazama picha ile na kwa mara ya kwanza nikaiona kama alivyoiona yeye. Kwa kuwa mwanga wa chini ulikuwa sawa na mwanga wa juu, korongo lilikuwa limepanda na kulala usawa wa ua. Kila kitu kilionekana, isipokuwa kina. Nikasema, "Mama, nisamehe, kosa ni langu." Miaka yote ile kazini sikuwahi kufikiri kwamba kivuli nilichokifungua kingeweza kumwangukia mtu.

"Pardon yako nimepokea," akasema. "Lakini mvua haiko na pardon."

Kesho yake asubuhi mimi na Ejide tukapanda naye Gasenyi. Ejide alikuja na kamera. Mimi nilikuja mikono mitupu, nikitaka kwanza kutazama, kama siku ile kwenye baraza.

Nawaambia nilichokiona, maana ni kitu cha ajabu na bado kinanishughulisha. Mwanzo, kutoka uani kwenye jua, korongo lilikuwa jeusi tupu. Nikasogea, nikasimama, nikangoja. Polepole jicho likazoea, na chini kukaanza kutokea: kokoto, mizizi, kipande cha bati. Kwa hiyo jicho huona chini! Kompyuta haikusema uongo kuhusu kokoto. Basi uongo ulikuwa wapi? Nikatazama mbinguni, nikatazama chini, mbinguni, chini, mpaka Ejide akadhani nasali. Ndipo nikaelewa kwamba jicho, hata likizoea, halisahau. Linaona kokoto za chini lakini linajua zimo gizani kuliko ukuta wa korongo, na ukuta umo gizani kuliko ua, na ua kuliko bati. Vitu vimepanga foleni yao. Mimi nilivitoa vyote kwenye foleni nikavisimamisha mstari mmoja.

Magoti yangu nayo yalikuwa yamejua mapema kuliko jicho. Nilikuta yamekunjika yenyewe, hatua nne kabla ya ukingo.

Na bidoni lilikuwepo, la njano, la lita ishirini. Nikamuuliza Mama Spesiosa kwa nini halitolewi pale, si litaanguka?

"Njo kazi yake," akasema. "Iko na muchanga ndani. Kila magaribi naiweka pa mwisho ya udongo, pale pale. Asubui, mbele ya kuwasha moto, natoka naangalia. Ikiwa bado iko, tunapika. Ikiwa imeanguka, najua shimo imekula. Iyi ni ya tatu."

Sikumwambia papo hapo kwamba nililifuta. Nilimwambia tukiwa njiani kurudi naye studio. Akacheka, kicheko kifupi. "Ata bidoni! Mama, we ulisafisha sana."

Ejide alikuwa ameshapiga tena zile picha tatu, saa ile ile ya mara ya kwanza, mahali pale pale. Studio nikamkalisha Mama Spesiosa kwenye kiti kando yangu, maana hapakuwa na mtu mwingine mjini aliyejua picha ile inapaswa kuwaje. Ejide alisimama nyuma yetu, na alipoona naanza taratibu akashindwa kuvumilia. "Mama Zaina, weka noir mingi, giza kabisa, kule chini. Ikuwe ya kutisha. Tumusaidie mama, ba bureau wastuke."

Na mimi, Mungu anisamehe, mkono wangu ulishakwenda. Nilitaka sana kulipa. Kurseri ya vivuli ikashuka, korongo likawa kama mlango wa kaburi.

"Apana," akasema Mama Spesiosa. "Apana, apana. Wakikuya wakute haiko vile, watasema huyu mama ni muongo, na watarudi kwabo. Weka vile iko."

Basi nikaweka vile iko. Nilianza na ile picha ya kawaida, nikaifanya msingi. Kutoka ile ya giza nikachukua mbingu, robo tu, mawingu yapate umbo. Kutoka ile ya mwanga nikachukua korongo kidogo kidogo, kwa brashi, si lote kwa mkupuo. Kila nikifungua kokoto nilitazama kama ukuta bado una mwanga kuliko kokoto. Rangi sikuigusa, isipokuwa udongo uliokuwa umegeuka chungwa, nikaurudisha kwenye wekundu wake. Nikapindua picha kichwa chini. Nikarudisha nyuma nusu ya nilichofanya, nikamsikia Melkiori akikohoa. Kila hatua nilimuuliza mama, "Hapa?" naye akasema, "Bado." "Hapa?" "Bado."

Kisha nikasogeza kurseri kwa upana wa unywele, na sikuuliza. Nilimwona Mama Spesiosa akivuta miguu yake, taratibu, chini ya kiti, mbali na ukingo.

Nikaondoa mkono kwenye meza.

Tuliichapa kubwa, bidoni likiwa mahali pake, na nyuma nikabandika kikaratasi cha Ejide chenye mistari yake mitatu, nikaongeza sahihi yangu na maelezo kwamba picha ya kwanza ilikuwa na makosa na makosa ni ya mezani kwangu. Nilipeleka kwa mkono. Mvua ilikuwa imeshaanza kupiga milimani, na siku zile kila wingu lililotokea juu ya Gasenyi lilinikuta mimi ghorofani, barazani, nikihesabu wajukuu wanne wa mtu mwingine.

Wakaja Gasenyi siku ya sita, watu watatu wa ile ofisi kwenye gari, mmoja wao ameshika picha ile. Sikuwepo, nimesimuliwa na mama mwenyewe. Anasema yule bwana alishuka, akatazama picha, akatazama bidoni, akatembea uani, na hatua nne kabla ya ukingo akasimama na kumshika mwenzake mkono. Hawakujadiliana sana. Jina likarudi kwenye liste, na kabla ya mwezi kwisha familia ikapewa kiwanja upande huu wa Carama, mwendo wa robo saa kutoka ninapokaa sasa.

Nyumba ya Gasenyi ilikwenda na mvua za Aprili, mchana, ikiwa tupu. Migomba, jiko, ua wote. Hakuna aliyejua bidoni lilianguka saa ngapi, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kutoka asubuhi kulitazama.

Ningependa kuishia hapo, nionekane mtu aliyejifunza. Lakini baada ya miezi kadhaa Mama Spesiosa alirudi studio, safari hii kanga mpya, na mfuko wa maharage kwa ajili yangu. Alitaka picha ya itongo lake, aitundike kwenye nyumba mpya. Nilifurahi mno. Nilikuwa nimeshamchapia ile ya kweli, nimeitia kwenye fremu, nikingoja tu siku atakayokuja. Nikaitoa kabatini, nikaipangusa, nikampa.

Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama, akairudisha mezani kwa adabu.

"Asante, mama. Lakini si iyi. Nataka ile ya kwanza."

"Ya kwanza?" Nilidhani amechanganya. "Mama Spesiosa, ile ni ya uongo. Ile ndiyo niliyojaza shimo."

"Najua. Njo nayitaka." Akaketi, polepole. "Iyi ya kweli mi niko nayo hapa," akagusa kifua. "Kila nikilala naiona. Lakini ile ingine, bwana yangu alinunua itongo ile tungali bageni bawili, na ilikuwa vile, sawa sawa, muzima, bila shimo, mpaka kule kwa miti. Hakuna mutu aliipiga foto wakati ule. Ni we tu uliifanya, bila kujua."

Miaka yote ya kuwakemea nyinyi vijana juu ya uongo wa kurseri, na mwanamke huyu anaomba uongo wangu mbaya kuliko wote, tena kwa haki. Nilitafuta neno la Melkiori la kunisaidia, sikulipata. Nikafungua faili. Faili zote tatu za asili na ile ya kwanza zilikuwepo, maana hatufuti kitu, hilo mlishike.

"Lakini," akasema, nikiwa nataka kuichapa, "unirudishie bidoni yangu."

Nikalirudisha. Ilinichukua muda, maana nililifuta vizuri.

Kwa hiyo Divine, ukipita Carama nitakuonyesha nyumba ya Mama Spesiosa. Sebuleni utaikuta picha mbaya kuliko zote nilizowahi kutengeneza: vivuli vyote wazi, majani ya peremende, na bidoni la njano limesimama ukingoni mwa mfereji ambao mtoto anauruka. Usiicheke. Igeuze. Kabla sijamkabidhi mama niliandika nyuma yake kwa kalamu, kama nilivyofundishwa, mstari wa tatu peke yake: Kisichoonekana, shimo.

Alisoma herufi kwa herufi, kwa kidole. Kisha akaifunga picha ndani ya kanga yake na kuniuliza kama yale maharage nitayaloweka leo au kesho.